Mkono wa Nta

Wanangu, juzi mlipopita kunisalimia hapa Mandewa mkiwa na sare zenu za chuo, yule binti mwembamba aliyekaa karibu na mlango aliniuliza kama ni kweli zamani watu wa eksirei walijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe. Mkacheka wote. Mlidhani ni maneno ya kutishia wanafunzi wapya. Sikuwajibu vizuri kwa sababu mlikuwa mnawahi basi, na mimi nikianza kusimulia siachi mpaka birika liishe chai. Leo mjukuu wangu amekaa na kalamu. Mimi naongea, yeye anaandika.

Ni kweli, wanangu. Na mkono wenyewe naufahamu. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Mzee Chilewa, mtu aliyenifundisha kazi.

Mimi nilizaliwa Kinyangiri, kwa wakulima na wafugaji, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona ng'ombe wa jirani wanakotoka na wanakokwenda. Nikasomea uuguzi msaidizi kwa wamisionari, na nilipomaliza nikapangiwa hospitali ndogo karibu na stesheni ya Itigi. Jina lake halina haja. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, bendera yake ikiwa imeshaanza kupauka kwa jua. Kule Itigi nilikutana na vichaka. Vile si msitu, kwa maana msituni mtu unapita. Vichaka vya Itigi unavikwepa kwa ubavu, na bado vinakuchania nguo. Wiki ya kwanza nililia kila nilipokwenda kuchota maji. Kigogo sikukijua, Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, na Kinyiramba changu hapakuwa na mtu wa kuongea naye.

Daktari mkuu wetu, Mzungu mpole aliyezoea kuacha maneno yake njiani, akaniita. "Naomi, wanawake hawapendi kuvuliwa nguo na Chilewa peke yake, kwa hiyo... Utakaa naye kwenye eksirei. Unaogopa giza?"

"Hapana, daktari," nikasema. Naliogopa mpaka leo.

Nilipofika kwenye kile chumba nilisikia zeze linalia ndani. Nikachungulia. Mzee mrefu, Mgogo wa upande wa Manyoni, masikio yametogwa matundu makubwa ya kizamani, na katika tundu moja amechomeka penseli ya kuandikia picha. Mbele yake kitoto kimelala mezani kimetulia tuli, macho kwenye zeze. Mzee akapiga mpaka kitoto kikasahau kulia, kisha akaniambia bila kugeuka, "Mwanangu, nishikie huyu mguu, nipige picha."

Sikuwa nimemwamkia bado. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shika mguu."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Chilewa alijifunza eksirei jeshini, wakati wa vita, kwenye hospitali za wanajeshi huko mbali. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alifundishwa na sajenti, na sajenti alifundishwa na sajenti mwingine. Kila asubuhi, jenereta ikishaacha kukohoa, alifunga pazia, akaweka mkono wa kushoto nyuma ya kioo cha mashine kinachong'aa kijani, akakanyaga pedali. Mifupa ya vidole ikatokea, myembamba na myeusi kama vijiti. Akikunja kidole, kijiti kinakunja. "Leo mashine imeamka vizuri," atasema. Mifupa ikionekana kwa ukungu, anajua kuna waya umelegea au jenereta ina njaa.

Kisha kulikuwa na wageni. Itigi haikuwa na sinema, wanangu. Sinema ilikuwa mkono wa Chilewa. Walikuja walimu, wakaja makatekista na shehe wa pale sokoni, wakaja warina asali waliotoka porini wakinuka moshi. Mkwe wake alipomtembelea kwa mara ya kwanza, kabla hata hajapewa maji ya kunywa, alionyeshwa mifupa. Yule mama alitoka nje akiwa amejifunika uso na kusema kwamba mtu akishaona mifupa ya mkwe, aibu gani tena imebaki baina yao?

Msifikiri nilikuwa hodari. Msimu wa joto wa kwanza niliosha picha kwenye dawa iliyopata joto, na picha ya mbavu za mtu ikateleza kutoka kwenye filamu yake ikaelea kama utando wa maziwa. Nilibaki na filamu tupu mkononi. Chilewa akachungulia karai akasema, "Mgonjwa huyu amepona kabisa. Hata mbavu hana." Baadaye akanionyesha namna ya kuzungushia masinia ya dawa magunia mabichi, na kuweka mitungi ya maji dirishani upande wa upepo. Ninyi mna mashine za kupoza. Lakini siku umeme ukikatika, magunia mabichi bado yanafanya kazi.

Na ile aproni. Mnajua kwamba aproni ya kuzuia mionzi ina madini ya risasi ndani yake. Sisi tulikuwa nayo moja, nzito, ya zamani. Kila nilipomwambia mgonjwa, "Ngoja nivae aproni ya risasi," aliruka kutoka mezani. Mzee mmoja Mnyaturu alisimama mlangoni akiwa na shuka lake akauliza, "Binti, umesema mtanipiga. Sasa unasema na risasi. Mimi kosa langu nini?" Tukaacha kuivaa. Ilikuwa nzito, ina joto, na inakimbiza watu. Chilewa aliikunja vizuri, mara mbili, akaikalia kama mto kwenye kiti chake cha mbao.

Sasa nifike kwenye vidole.

Sikumbuki ni lini hasa zeze lilianza kunyamaza. Mwanzoni alilipiga kila mtoto alipoletwa. Kisha akawa analipiga siku moja moja. Baadaye likatundikwa ukutani, na mtoto akilia Chilewa alisema tu, "Mshike, Naomi." Nami nikawashika. Mikono yangu ikawa ndani ya picha kiasi kwamba daktari mkuu alizoea kuona vidole vyangu pembeni mwa mapaja ya watoto wa watu.

Siku moja nilimwona Chilewa akipaka mkono mafuta ya kondoo. Ngozi ya vidole vya kushoto ilikuwa kavu, ina mipasuko, na kucha zilikuwa na mistari kama mabati. Kwenye ncha ya kidole cha shahada kulikuwa na kidonda kidogo.

"Ni dawa ya kuoshea picha," akasema kabla sijauliza. "Inakula ngozi."

"Mbona mkono wa kulia hauna, mzee? Si unaosha kwa yote miwili?"

Akaushusha mkono chini ya meza. "Nenda kaite mgonjwa."

Ndipo akaja Bibi Vidole.

Alikuwa daktari mwanamke, Mwingereza, mfupi, mwenye kofia pana na masanduku mengi kuliko abiria mwingine yeyote wa treni ile. Jina lake halisi lilitushinda ulimi. Kazi yake ilikuwa utafiti: alizunguka hospitali zenye mashine za eksirei akipima afya za wanaofanyia kazi mashine hizo. Alitazama vidole vya kila mmoja kwa kioo cha kukuzia, akatoa damu kidogo, akaiangalia kwa hadubini. Wagonjwa alikuwa hawatazami kabisa. Jambo hili liliwashangaza sana watu wa Itigi, daktari aliyepanda treni kutoka pwani kuja kutibu wazima.

Kiswahili alijifunza pwani, na alikijua kutuzidi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Hamjambo, waungwana? Nafurahi kuwakuta mko katika siha njema."

Chilewa akaniinamia. "Siha ni nini?"

"Sijui, mzee. Labda ni ugonjwa."

Akajinyoosha, akamjibu kwa heshima zote za jeshi, "Hapana, memsahib. Hapa siha hakuna. Tulishaitibu yote."

Bibi Vidole alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. Tangu hapo tulipendana, ila Chilewa aliogopa kioo chake cha kukuzia. Mkono wa kulia alimpa autazame vizuri. Wa kushoto alisema umechoka.

Kabla hajaondoka kwenda hospitali nyingine, Bibi Vidole alitupa kila mmoja wetu beji. Kilikuwa kibati chenye kipande kidogo cha filamu ndani, kimefungwa kwa karatasi nyeusi. "Vaeni kila mnapoingia chumbani," akasema. "Mionzi haionekani, hainuki, haiumi inapoingia. Filamu hii itaona kwa niaba yenu. Nitarudi mwezi ujao, tutaziosha pamoja."

Mimi nilivaa yangu kifuani. Nilijiona nimepandishwa cheo. Chilewa alitundika yake kwenye msumari wa chumba cha dawa, mbali kabisa na mashine.

"Mzee, si tumeambiwa tuvae?"

Akachomoa penseli sikioni, akaigeuzageuza. "Mwanangu, jeshini daktari akikukuta na kitu, unarudishwa nyumbani. Mimi nyumbani nitafanya nini? Kulima sijui. Hii ndiyo kazi yangu."

Nilimwelewa, na nilimwogopea.

Mwezi ulipopita Bibi Vidole akarudi. Tukaingia chumba cha giza, wote watatu, na tukaziosha beji. Tulipowasha taa, filamu yangu ilikuwa imepata wingu zito la kijivu. Ya Chilewa ilikuwa nyeupe, safi, unaona upande wa pili.

Bibi Vidole akaishika juu, kwenye mwanga wa dirisha, mbele ya wauguzi waliokuwa wamekuja kuchungulia. "Naomi amefanya kazi sana," akasema. "Lakini Bwana Chilewa, kwa filamu hii, wewe mwezi mzima hukuingia chumbani hata siku moja."

Wauguzi wakaangua kicheko. "Kumbe mzee analala!" mmoja akasema. "Naomi anabeba hospitali peke yake!"

Laiti mngemwona. Mtu aliyefanya kazi vitani, mtu aliyefika kabla ya jogoo kuwika ili awashe jenereta, leo anaitwa mvivu na kipande cha filamu! Alisimama kama amepigwa kofi. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe nyingine," akasema. "Nipe ya mkononi. Hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono wa kushoto.

Bibi Vidole akaifunga mwenyewe kwa utepe, na wakati anaifunga, aliona vidole. Niliona tu amechelewa kumaliza fundo.

Mwezi uliofuata filamu ya kifundo ilitoka kwenye dawa ikiwa nyeusi kama chungu.

Hapo hakuna aliyecheka. Chilewa alikaa kwenye kiti chake. Bibi Vidole akavuta kigoda akakaa mbele yake, akauchukua mkono ule akauweka mapajani mwake, kama mama anayemtoa mtoto mwiba.

"Si dawa ya kuoshea picha," akasema.

"Nilijua," Chilewa akajibu. "Muda mrefu nimejua. Zeze nimeacha kwa sababu ya uzi. Ukigusa kidole, naona nyota."

"Ni kila asubuhi, ile ya kujaribu mashine. Na wageni. Kila mara ni kidogo, lakini mkono hausahau."

"Mtaniachisha kazi?"

"Hilo si langu kuamua. Nitakusemea."

Ikabidi na mimi niulize, kwa sababu wingu langu la kijivu lilikuwa halinitoki kichwani. Nilikuwa binti mkubwa, karibu kuposwa. Nilimvuta pembeni, nikaangalia chini. "Daktari, nimeshika watoto wengi mle. Mimi nitazaa?"

Angeweza kunidanganya nikafurahi. Hakunidanganya. "Nadhani ndiyo," akasema. "Damu yako ni nzuri. Lakini mambo mengi hatujayajua, ndiyo maana ninazunguka na masanduku haya. Ninachokijua ni kwamba kuanzia leo hutashika mtoto tena mbele ya mashine."

Jioni ile tuliitwa kwa daktari mkuu. Chilewa alivaa koti lake la jeshi. Alisimama wima, mkono wa kushoto mfukoni. Daktari mkuu alitazama filamu nyeusi kwa muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza nikamsikia akimaliza maneno yake.

"Chilewa, kila asubuhi nilikuona ukiweka mkono pale, nami nilifurahi tu kwamba mashine ni nzima. Sikufikiri kuhusu mkono. Nafasi yako ipo. Tutabadilisha namna ya kufanya kazi, si mtu."

Chilewa akauliza, kama fundi anavyouliza, "Sasa mashine nitaijaribu kwa nini?"

Bibi Vidole akasema kwamba kwao wako watu wanaotumia mifupa iliyofunikwa kwa nta, kwa sababu nta inafanana na nyama mbele ya mionzi.

"Nta?" Chilewa akasema. "Memsahib, umefika Itigi halafu unaomba nta?"

Kesho yake warina asali walituletea madonge. Mifupa tulipata kwa mke wa Chilewa, Mama Sechelela, aliyekuwa amechinja mbuzi. Tukaichemsha, tukaipanga juu ya ubao mfano wa vidole, tukamimina nta juu yake taratibu. Chilewa aliichonga kwa kisu mpaka ikawa na kiganja, na dole gumba, na mistari ya viganjani. Aliutengeneza vizuri kupita kiasi. Ulikuwa mkono wa mtu kabisa, wa manjano, unanukia asali. Tukauweka dirishani upoe.

Bwana stesheni, Singasinga mmoja mwenye sauti kubwa, alikuwa na mbwa aliyeitwa Kaizari. Kaizari alinusa mbuzi.

Ilikuwa siku ya soko. Sisi tulisikia kwanza ukelele, kisha kelele nyingi, kisha mtu anapiga mbiu kwamba mbwa anakula mtu. Tukatoka nje. Kaizari anatimua mbio katikati ya wauza asali, mkono mdomoni, vidole vitano vinaning'inia. Akina mama wamepanda juu ya magunia ya mtama. Mtu mmoja anapiga kelele kwamba hospitali wanatupa viungo vya watu nje. Na nyuma ya mbwa anakimbia Chilewa na koti lake jeupe, akipaza sauti kuliko wote, "Mkono wangu! Mzuieni asiule! Huo ni mkono wangu!"

Watu wakamtazama. Mikono yake miwili alikuwa anaipunga hewani.

Kaizari alishikwa karibu na reli. Alikuwa ameshatafuna dole gumba. Bwana stesheni alikuja kuomba radhi hospitalini, akapelekwa chumbani kuonyeshwa mkono una kazi gani, na akatoka akiwa amefurahi sana hivi kwamba siku iliyofuata alituletea bati la biskuti lenye kifuniko kigumu la kuutunzia. Mkono wa pili tuliutengeneza kwa mifupa ileile iliyobaki, na Chilewa akauchonga bila kiganja wala mistari. "Uwe mbaya," alisema. "Uwe kama kuni. Nimechoka kukimbia."

Tukatoa na ile aproni kutoka kwenye kiti. Bibi Vidole akasema tuipige eksirei yenyewe. Tukaiona ina nyufa kila ilipokunjwa, kama udongo wa mto uliokauka. Hilo nawakumbusha kila siku, wanangu: aproni haikunjwi wala haikaliwi. Itundike kama vazi la harusi, na mara kwa mara ipige picha uone ndani yake. Mpya ilipofika kwa treni nilibadilisha maneno. Sikuita tena ya risasi. Niliiita aproni nzito, na hakuna aliyekimbia.

Tukajenga ukuta wa matofali mapana wa kusimama nyuma yake wakati wa kupiga. Watoto tukawatulizia kwa vifuko vya mchanga vya kitambaa cha marekani, kimoja hapa kimoja pale. Ikishindikana, anayeshika ni mzazi, amevaa aproni, mikono yake nje ya picha. Yeye anashika leo tu, wewe uko mle kila siku. Na kabla mama hajashika, muulize kama ana mimba. Akisita kujibu, mwite baba.

Lakini kidonda cha kidole cha shahada hakikupona. Bibi Vidole alikitazama kwa kioo, akakitazama tena. "Hiki sikipendi," akasema. "Kitazamwe Dar es Salaam. Inawezekana wakakata ncha. Tukingoja kikue, watakata zaidi."

Chilewa aliyekwenda vitani akicheka sasa hakugusa hata nguo za safari. Mama Sechelela ndiye aliyefunga mzigo. Stesheni tulikwenda wengi, hata Kaizari alikuwepo, amefungwa kamba. Mzee aliniachia ile penseli ya sikioni. "Usiruhusu mtu aweke mkono," akaniambia kutoka dirishani mwa treni. "Hata askofu."

Siku zile nilifanya kazi peke yangu, nikiandika picha kwa penseli yake, na kila treni ikipiga honi nilikimbilia dirishani. Hatukuwa na simu ya kuuliza. Mama Sechelela alikuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la wagonjwa, bila kuumwa, akisuka ukili.

Akarudi na treni ya asubuhi. Aliteremka mkono uko mfukoni. Mama Sechelela akamwendea, akauvuta ule mkono nje kama anavyomvuta mbuzi bandani, akautazama. Ncha ya kidole cha shahada haikuwepo. Vingine vyote vilikuwepo.

"Wamesema wamewahi," Chilewa akasema. "Wamenipunguzia mzigo tu."

Mama Sechelela alipiga vigelegele pale pale stesheni, bwana stesheni akapuliza filimbi yake bila treni yoyote kuondoka, nami nikamrudishia penseli yake nikilia, mara hii kwa furaha.

Ngozi ilichukua muda, na kucha hazikurudi zilivyokuwa. Lakini mipasuko ilifunga. Zeze likashushwa ukutani. Alijifunza upya kukandamiza uzi kwa vidole vingine, na mwanzoni lilitoa sauti kama kuku aliyekanyagwa. Watoto walinyamaza kwa mshangao, na kwa eksirei utulivu ni utulivu tu. Nilikuwa nyuma ya ukuta, yeye nyuma ya ukuta, zeze linasikika, mtoto ametulia, tunapiga.

Nikaolewa na Andrea, kijana wa reli aliyebadilisha njia za treni pale Itigi. Bibi Vidole alikuwa ametuachia kanuni: mwanamke mwenye mimba anatoka chumba cha mionzi, anapewa kazi nyingine, na haachishwi. Kanuni nzuri. Tatizo ni kuisema. Kwetu binti hamwambii jambo hilo mwanamume wa umri wa baba yake. Kwa hiyo asubuhi moja nilifika nikasimama nje ya mlango.

"Ingia basi, watu wanangoja," Chilewa akasema.

"Siingii, mzee."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Akanitazama. Akachomoa penseli sikioni, akaitazama na yenyewe, akairudisha. "Haya," akasema polepole. "Basi hata hapo ni karibu mno. Sogea kule kwenye jua."

Akaenda mwenyewe kwa daktari mkuu. Mchana ule nikahamia kwenye mizani ya watoto wachanga. Miezi ile nilifurahi mchana na kuogopa jioni, nikikumbuka wingu la kijivu. Sikumwambia Andrea. Nilimwambia Mama Sechelela, naye alikuwa akija kukaa nami, akisuka, bila maneno mengi.

Mtoto alizaliwa akiwa mzima, wa kike, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya bwana stesheni. Mkunga aliponipa, nilimfunua nikamkagua kote, nikamfunika, nikamfunua tena. Bibi Vidole alipopita safari iliyofuata alimtazama vidole kwa kioo chake, kimoja kimoja, mpaka mtoto akakinyakua kile kioo.

Nilipopata nguvu nilimbeba mgongoni nikaenda kumwonyesha Mzee Chilewa. Nilikuwa na haraka na furaha, nikasahau nilipo. Mguu mmoja ulikuwa karibu kuvuka kizingiti niliposikia sauti ya jeshi kutoka nyuma ya ukuta.

"Simama hapo hapo! Huyo ameajiriwa lini?"

Nikarudi nyuma nikicheka. Akazima mashine, akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akampokea mwanangu kwa mikono miwili, akaenda naye juani. Wagonjwa wakaacha benchi wakasogea kumtazama. Aliyevunjika mguu akaja akirukaruka. Daktari mkuu akatoa kichwa dirishani kuuliza kwa nini kazi imesimama.

"Imesimama," Chilewa akamjibu, bila kugeuka.